Sonona inayosikia dawa na isiyosikia: je, ubongo unatofautiana kweli? (Uzi mrefu)

Mtu wa Sumaku (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome kipande arudi baadaye.

Kazi yangu ni ya chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Wagonjwa wa sonona (depression) wanaoletwa kwetu mara nyingi ni wale ambao daktari amewabadilishia dawa bila mafanikio, sasa anataka kuhakikisha hakuna uvimbe wala kiharusi kilichojificha. Mgonjwa mwenyewe anakuja na tumaini jingine kabisa: kwamba leo ugonjwa wake utaonekana. Akishuka kwenye kitanda cha mashine anauliza, "Umeiona?" Ripoti inatoka, imeandikwa ubongo hauna kasoro. Nyumbani wanaisoma kwa namna yao: si umeona, huumwi, jikaze.

Usomaji huo ni wa makosa, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Kwa wastani, ubongo wa watu ambao sonona yao haisikii dawa una tofauti na ubongo wa waliopona kwa dawa. Tofauti hizo zinapimwa tangu miaka ya 1990. Pia ni kweli kwamba hakuna daktari anayeweza kuitazama picha yako moja akakwambia wewe ni wa kundi lipi. Kauli zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na ugomvi mwingi mtandaoni unatokana na mtu kushika moja akaitupa nyingine.

Kwanza, nani anahesabiwa kuwa na sonona sugu? Kigezo kinachotumika sana ni hiki: umetumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, yaani wiki 6 hadi 8 hivi, ndani ya kipindi hiki hiki cha ugonjwa, na bado hujapata nafuu ya maana. Dawa uliyoiacha siku ya kumi kwa sababu ya kichefuchefu haimo kwenye hesabu. Utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa STAR*D, uliotoa matokeo yake 2006, uliandikisha watu zaidi ya 4,000 na kuwapitisha hatua nne za tiba. Dawa ya kwanza, sitalopramu, iliwaondolea dalili takriban theluthi moja. Hatua ya pili ilifanya vizuri karibu hivyo hivyo. Hatua ya tatu ikaporomoka hadi asilimia 14 hivi, ya nne 13. Kwa hiyo mstari kuchorwa baada ya dawa ya pili haukuokotwa hewani.

Sasa ubongo. Mwaka 1998 watafiti wa Edinburgh walifanya jambo ambalo wengi kabla yao hawakulifanya. Badala ya kulinganisha wagonjwa na wazima tu, walichukua makundi matatu ya watu 20 kila moja: wenye sonona ya muda mrefu isiyosikia dawa, waliowahi kuugua wakapona, na ambao hawajawahi kuugua. Waliokwama walikuwa na upungufu wa tishu ya kijivu, yaani ile yenye seli zenyewe za ubongo, upande wa kushoto, kwenye eneo la kando ya kichwa pamoja na hipokampasi. Waliopona hawakuwa na upungufu huo. Hapo ndipo swali la uzi huu lilipozaliwa rasmi: kama ugonjwa ni ule ule, kwa nini mabaki yake ubongoni yawe kwa hawa tu?

Hipokampasi inastahili maneno zaidi. Unazo mbili, moja kila upande, zimejikunja ndani kwa ndani usawa wa masikio, kila moja ina ujazo wa sentimita za ujazo chache tu. Inashughulika na kumbukumbu, na pia inasaidia kuzima kengele ya msongo: kotisoli, homoni ya msongo, ikipanda, hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoambia mwili "basi, inatosha". Ina vipokezi vingi vya kotisoli, kwa hiyo kotisoli ikikaa juu miezi na miezi, yenyewe ndiyo inayoumia mapema. Ikilegea, breki ya kotisoli nayo inalegea. Unaona mzunguko ulivyo mbaya.

Mwaka 2003 Yvette Sheline na wenzake walichapisha kazi juu ya wanawake waliowahi kuugua sonona mara kwa mara. Waligundua kuwa kadiri siku za kuugua bila dawa zilivyokuwa nyingi katika maisha ya mtu, ndivyo hipokampasi yake ilivyokuwa ndogo. Siku za kuugua huku akitumia dawa hazikuonyesha uhusiano huo. Mimi matokeo haya huwa yananipa hasira kidogo nikikumbuka watu wanaoshauriwa kusubiri "ipite yenyewe".

Kisha 2008, timu ya Glenda MacQueen ikapima hipokampasi kabla ya tiba. Waliopona kufikia wiki ya 8 walikuwa wameanza wakiwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi kubwa zaidi kuliko ambao hawakupona. Yaani tofauti ilikuwepo kabla ya kidonge cha kwanza.

Sehemu ya pili ni singuleti ya mbele, ukanda unaozunguka kwa mbele lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Mwaka 1997 Helen Mayberg alitumia picha za PET, zinazoonyesha sehemu ipi inatumia sukari nyingi. Watu ambao baadaye dawa iliwasaidia walikuwa na singuleti ya mbele inayochemka kupita kawaida kabla ya tiba. Ambao dawa haikuwasaidia, sehemu hiyo ilikuwa imepoa kuliko ya wazima. Mwaka huo huo Wayne Drevets na wenzake wakaonyesha kuwa kipande cha chini cha ukanda huo kina tishu pungufu kwa wagonjwa wenye historia ya sonona katika familia.

Insula, gamba la mbele la ubongo, kiini kiitwacho kaudati: navyo hutajwa, lakini matokeo yanayumba kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Sitawachosha.

Sasa nipoze moto kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapotoka na vichwa vya habari.

Kwanza ukubwa wa tofauti. Ushirikiano wa ENIGMA ulikusanya picha kutoka vituo vya nchi nyingi, wagonjwa 1,728 na wasio wagonjwa 7,199. Hipokampasi ya wagonjwa ilikuwa ndogo kwa wastani, lakini kwa kiasi kidogo sana, na kwa wale walio kwenye kipindi cha kwanza cha ugonjwa haikuwa na tofauti. Waliorudiwa na ugonjwa, na walioanza kuugua wakiwa na miaka 21 au chini yake, ndio walioubeba ule wastani. Mwaka 2022 timu ya Ujerumani ikachukua watu 1,809, ikapima karibu kila kitu kinachopimika ubongoni, halafu ikauliza: ukipewa kipimo kimoja cha mtu mmoja, utajua kama ni mgonjwa? Walipatia kwa asilimia 54 hadi 56. Ukirusha sarafu unapata 50. Na hapo walikuwa wanatenganisha mgonjwa na mzima, kazi ambayo ungetarajia iwe rahisi kuliko kutenganisha mgonjwa anayesikia dawa na asiyesikia.

Pili, kipi kimetangulia? Aliye sugu ni mtu aliyeugua muda mrefu. Ametumia dawa nyingi, pengine na lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo, ambayo yenyewe inahusishwa na kuongezeka kwa tishu ya kijivu pichani. Analala vibaya. Huenda alipitia mateso utotoni, jambo linalohusishwa kwa wakati mmoja na hipokampasi ndogo na sonona ngumu. Ukiona upungufu kwenye picha yake, ni wa usugu, wa miaka, au wa utoto? Kutenganisha kabisa muda na usugu kunahitaji kumfuata mtu tangu kipindi chake cha kwanza.

Tatu, hili ni la kwetu wapiga picha. Ile picha inayotumika kupima unene wa gamba la ubongo inachukua kama dakika tano, na mgonjwa anatakiwa atulie tuli. Mtu mwenye sonona nzito hajalala usiku; akilala pale, pamoja na kelele zote zile, anasinzia. Kidevu kinashuka, kichwa kinacheza milimita moja. Kwa jicho picha bado inaonekana nzuri. Kompyuta ikiipima, gamba linatoka jembamba kuliko lilivyo. Hii imethibitishwa kwa majaribio: kucheza kwa kichwa peke yake kunatengeneza "upungufu" ambao haupo. Mimi nikisoma utafiti wa makundi madogo, cha kwanza natafuta kama waliudhibiti mtikisiko. Wasipousema, nafunga.

Kwa hiyo ripoti ya "hauna kasoro" maana yake ni kwamba hakuna uvimbe, damu, kiharusi wala ugonjwa mwingine unaoonekana kwa jicho. Sonona haijapimwa hapo, wala haijakanushwa.

Maswali karibu.

—

Kipepeo Mweusi:

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, nondo za maana. Ila umenitia hofu. Hipokampasi kupungua maana yake seli zimekufa? Nina miaka mingi na huu ugonjwa.

—

Mtu wa Sumaku:

Ondoa hofu. Mwaka 2004 watafiti waliangalia kwa hadubini hipokampasi za marehemu waliokuwa na sonona. Seli zilikuwepo, tena zimesongamana kuliko kawaida. Kilichopungua ni nafasi kati ya seli, yaani matawi na viungio vyake. Matawi yanaweza kuchipua tena.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tiba ya mshtuko wa umeme, ile inayofanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa nusukaputi, inaongeza ukubwa wa hipokampasi ndani ya wiki chache, na kwenye MRI inapimika. Ndiyo tiba yenye nguvu kuliko nyingi kwa sonona sugu. Ungetarajia kwamba ambaye hipokampasi yake imekua zaidi ndiye amepona zaidi, sivyo? Mwaka 2018 wakakusanya picha za wagonjwa 281 na kuangalia. Ukuaji ulikuwepo, lakini haukuendana na kupona. Wengine ilikua na hawakupona. Kwa hiyo ukubwa wa hipokampasi si kipimo cha afya yako, usiufanye mita ya kujitazama kila asubuhi.

—

Ngurumo ya Kiangazi:

Haya yote ni maneno ya kuuzia dawa. Hadithi ya serotonini, ile kemikali ya ubongo wanayosema ikipungua ndiyo sonona, ilishavunjwa 2022, na hiyo STAR*D yako ilipikwa. Mleta mada umesahau hilo au umelificha?

—

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Ngurumo, nijibu mimi kwa ruhusa ya mleta uzi. Hoja yako ya STAR*D ina ukweli ndani yake. Ripoti ya awali ilisema ukijumlisha hatua zote nne, asilimia 67 wangepona kama wote wangebaki hadi mwisho. Mwaka 2023 watafiti wengine waliipitia upya data ile ile kwa kufuata mpango ulioandikwa mwanzoni, wakapata asilimia 35. Tofauti ni kubwa mno, na ni aibu kwamba ilichukua miaka yote hiyo. Lakini fikiri inakupeleka wapi: kama waliopona ni wachache zaidi, basi wasiosikia dawa ni wengi zaidi. Swali la uzi huu linakuwa kubwa, halifi.

Kuhusu serotonini, mapitio ya 2022 yaliuliza kama sonona inasababishwa na upungufu wa serotonini, na yakakuta ushahidi ni dhaifu. Hayakuuliza kama dawa zinasaidia. Hayo ni maswali mawili. Na aliyeandika hapa juu hajataja serotonini hata mara moja, rudi usome.

—

Ngurumo ya Kiangazi:

Sawa Nesi. La serotonini nimekuelewa. Kampuni za dawa bado siziamini.

—

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Hapo tuko pamoja 😄

—

Binti Alfajiri:

Mimi ni mmoja wa hao wa "dawa ya nne". Picha yangu ilikuwa safi, na kwa kweli niliilia hiyo ripoti, nilitaka kuwe na kitu cha kuonyesha watu. Kilichokuja kubadilisha mambo hakikuwa picha. Daktari mpya alimwita dada yangu ndani akamuuliza kama kuna vipindi nilikuwa silali na sichoki, naanzisha miradi, natumia hela ovyo. Dada akacheka, akasema hizo ndizo siku zangu nzuri. Kumbe nina bipola, ugonjwa wa hali kupanda sana na kushuka sana. Dawa za sonona peke yake zilikuwa zinanizungusha tu. Sasa niko kwenye lithiamu na nina muda niko sawa.

Swali: kwenye hizo tafiti za ubongo watu kama mimi tumechanganywa humo?

—

Mtu wa Sumaku:

Dada, asante kwa kutuamini na habari yako. Jibu fupi ni ndiyo, uwezekano ni mkubwa. Tafiti huwaondoa wenye bipola inayojulikana, lakini wewe wakati ule ungepita kama mwenye sonona sugu, na ungechanga picha yako kwenye wastani. Ndiyo sababu mojawapo matokeo yanayumba. Kundi la "sugu" lina watu wa kila aina: mwenye bipola isiyogunduliwa, mwenye tezi ya shingo iliyolegea, anayekosa pumzi usingizini, anayekunywa pombe jioni, aliyepewa nusu ya dozi, na aliye sugu kweli. Ukiwaweka wote kapu moja ukatafuta alama moja ya ubongo, utapata ukungu.

—

Mwanafunzi Mkongwe:

Kuna kundi lolote ambalo picha ya kawaida inaonyesha kitu kwa macho?

—

Mtu wa Sumaku:

Lipo moja. Wazee, hasa ambao sonona imewaanza uzeeni. Kwenye picha zao mara nyingi unaona mabaka meupe ndani ya tishu nyeupe, kuzunguka zile ventrikali, yaani vyumba vya majimaji vya katikati. Ni alama za mishipa midogo ya damu iliyochakaa, na shinikizo la damu na kisukari vinachangia. Mabaka hayo yanakata njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na vile viini vya ndani. Wenye nayo kwa wingi, dawa huwa haziwasaidii sana kama wengine, na wanakuwa wazito wa kupanga mambo na kubadilisha mawazo. Tangu 1997 jambo hili lina jina, sonona ya mishipa. Lakini hata hapo tahadhari: mabaka ni ya kawaida kwa wazee wengi wasio na sonona yoyote.

—

Kigoda:

Kama picha haisaidii kwa mtu mmoja, hizi pesa za utafiti zinaenda wapi? Faida yake nini kwa mgonjwa?

—

Mtu wa Sumaku:

Swali zuri, na jibu lake liko zaidi kwenye mitandao ya ubongo kuliko kwenye ukubwa wa kipande kimoja.

Ile singuleti ya Mayberg ilimfikisha mbali. Mwaka 2005, Toronto, wagonjwa sita ambao kila tiba ilishindikana walipandikizwa nyaya nyembamba kwenye sehemu ya chini ya singuleti, zikawa zinapitisha umeme kidogo mfululizo. Baada ya miezi sita, wanne kati ya sita walikuwa na nafuu kubwa. Watu walishangilia sana. Kisha likaja jaribio kubwa la wagonjwa 90, matokeo yakachapishwa 2017, na ndani ya miezi sita ya kwanza umeme wa kweli haukuushinda umeme wa kuzugia. Hiyo ndiyo sayansi, inakunyanyua inakubwaga. Kazi bado inaendelea, kwa kulenga nyuzi zinazopita pale badala ya eneo tu.

Tiba ya sumaku ndiyo iliyonufaika zaidi. Marekani iliiruhusu 2008. Koili inawekwa juu ya paji upande wa kushoto, mgonjwa yuko macho, anasikia tu kama kidole kinamgongagonga kichwani. Zamani sehemu ya kugonga ilitafutwa kwa kupima sentimita kadhaa kutoka mahali panapochezesha kidole gumba. Mwaka 2012 ikaonekana kuwa sehemu zinazofanya kazi vizuri ni zile ambazo shughuli zake zinakwenda kinyume na singuleti ya chini: hii ikipanda, ile inashuka. Siku hizi wapo wanaotumia MRI ya mgonjwa mwenyewe kuchagua pa kugonga. Hapo picha ya mtu mmoja inakuwa na kazi, ingawa ni ya kulenga tiba na si ya kutabiri.

Na 2024 lilitoka jambo lililonikalisha kitako. Watafiti waliwapiga watu wachache picha nyingi sana, saa nyingi kwa kila mmoja, badala ya watu wengi mara moja moja. Wakakuta mtandao unaochagua kipi kipewe uzito, ambamo insula na singuleti ya mbele zimo, umetanda karibu mara mbili ya kawaida kwenye gamba la wagonjwa wengi wa sonona. Haukubadilika hali ya mtu ilipopanda au kushuka, na ulionekana hata kwa watoto ambao walikuja kuugua baadaye. Kwa hiyo si kovu la ugonjwa. Usiniulize kama unatenganisha wanaosikia dawa na wasiosikia, hilo ndilo la kupimwa sasa.

—

Kipepeo Mweusi:

Mkuu swali la mwisho. Nina miadi na daktari wiki ijayo. Nimwombe MRI au nisimwombe?

—

Nesi wa Zamu ya Usiku:

Kama una dalili mpya, mfano maumivu ya kichwa yasiyo ya kawaida, degedege, udhaifu wa upande mmoja, kusahau kulikokuja ghafla, au ugonjwa umeanza uzeeni, mwambie, ataamua. Bila hayo, nenda na karatasi. Andika kila dawa uliyowahi kutumia, dozi ya juu uliyofikia, wiki ulizokaa nayo, nafuu uliyopata hata kama ni ndogo, na kwa nini uliacha. Andika pia usingizi wako, pombe, dawa za magonjwa mengine, na kama kuna ndugu wa damu mwenye bipola. Ukiweza, nenda na mtu anayekufahamu, kama alivyofanya Binti Alfajiri. Na ukifikiwa na mawazo ya kujidhuru kabla ya siku hiyo, usisubiri miadi, nenda hospitali muda huo huo.

—

Kipepeo Mweusi:

Nimeanza kuandika. Dawa ya pili sikumbuki dozi, natafuta boksi lake.